Kulwa amesoma kibao kwenye kivuko

Jumamosi tulivuka kwenda kwa bibi yao, Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lipo, ila wanangu hawataki kusikia habari ya daraja. Wao ni kivuko cha Kamanga tu, wasimame ukingoni waangalie maji. Basi mimi nahesabu mizigo, nikasikia nyuma yangu: "U-si-tu-pe ta-ka zi-wa-ni."

Nikageuka. Ni Kulwa. Kulwa huyu huyu ambaye mwaka jana, kwenye kikao cha wazazi, mwalimu alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba Doto anasoma vizuri, ila huyu pacha wake "ni mzito, mama, tumwombee tu."

Tumwombee! Siku ile nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Nakumbuka kwa sababu nilikitazama mpaka kikao kikaisha. Mwalimu yule ana darasa limefurika na mimi sina ugomvi naye, lakini kusahau sijasahau.

Niliporudi nyumbani nikachukua fimbo. Najua na wewe umewahi. Kila jioni nikifunga genge, daftari mezani, fimbo pembeni. "Hii nini?" "Em." "Na hii?" "Ei." Ndivyo walivyofundishwa chekechea, kwa Kiingereza, na mimi nililipia. "Haya, em na ei ukiziunganisha?" Kimya. Siku moja akajibu kwa sauti ndogo: "Emei." Nikampiga.

Mtoto alikuwa amejibu sahihi. Mimi ndiye niliyemwambia ile inaitwa em na ile inaitwa ei, yeye akaziunganisha kama nilivyotaka. Kwa mwendo ule neno "mama" angelisoma emeiemei, na bado ningemchapa.

Aliyenifumbua macho ni Doto, yule msomaji. Alikuwa anaghani ma me mi mo mu bila kukosea, kidole kinatembea juu ya mstari, raha tupu. Siku moja nikafunika silabi zote nikaacha "mo" peke yake. Akaitazama, kisha akaanza mwanzo kabisa: ma, me, mi, mo... "Mo!" Nikafunika tena nikamwachia "mu". Akaanza tena kwenye ma. Kumbe alikuwa anaimba, hasomi. Wote wawili walikuwa mahali pamoja, isipokuwa Doto ana sauti nzuri na hana aibu.

Ndipo nikaanza upya, kwa sauti ya herufi, sio jina lake. Tunakaa Mabatini, mlimani, nyumba imeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe (wa Mwanza mnanielewa). Jiwe ndilo likawa ubao. Nikaandika irabu tano kwa chaki, kubwa kama sufuria: a, e, i, o, u. Kiswahili kimetupendelea hapo, kila irabu ina sauti moja, leo na kesho. Kisha nikaleta m. Sio em, sio ma. Ni mmm, kama umeonja mchuzi wa sato. Unaivuta mmmm huku mtoto anatembea kwenye jiwe mpaka aifikie a, asiikate sauti: mmmmaaa. Akifika amesoma. S ni nyoka, f ni kupuliza jiko la mkaa, z ni mbu. Anza na zinazovutika hivi. B, t, k hazivutiki, zije baadaye, na uziseme fupi sana, kwa sababu ukisema "be", mtoto atasoma "bea" badala ya "ba". Sauti, sio jina. Nitarudia mpaka mnichoke.

R ilitutesa. Kisukuma cha bibi yao kina l tu, na mtoto anaandika anachosikia: kalibu, habali. Nikamwambia Kulwa r ni pikipiki inapanda mlima wa kwetu, rrrr, akashinda siku nzima anaendesha. Bibi anamwita Kulwa, daftari la mahudhurio linasema Kurwa. Akaniuliza lipi jina lake. Nikamwambia yote mawili, kwa bibi ulimi unalala, darasani unatetemeka. Msimsahihishe bibi mbele ya mtoto, jamani. Ng' kwa upande wake haikuwasumbua hata kidogo. Aliyekua akisikia "ng'wana" kila siku atashindwa vipi "ng'ombe"?

Miezi ya katikati siisimulii, ilikuwa chaki na kelele. Dakika kumi baada ya chakula, mvua ikinyesha hatusomi.

Kuna dada ameniandikia kwamba yeye anataka mwanawe aanze na Kiingereza moja kwa moja, "asije akachelewa." Dada yangu, Kiingereza kina herufi 26 na sauti kama 44. A ya cake si a ya cat. Q na x Kiswahili hatuna kabisa, na c haitembei bila h. Mpe mtoto kwanza lugha ambayo herufi haimdanganyi, ashike siri kwamba maandishi ni sauti, halafu mpeleke huko kwenye mtego. Huu ni mtazamo wangu, na pacha wangu wawili ndio ushahidi wote nilionao.

Na wazazi wenzangu, tuambiane ukweli. Tunalipa ada tunanawa mikono. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015 umeweka KKK mbele, kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini mwalimu mwenye watoto wamebanana hivyo atakaa na wako saa ngapi? Simu unayoishika saa mbili usiku, iweke chini dakika kumi. Fimbo itupe. Ya kwangu niliichomea maharage. Mtoto anayeogopa hasikii sauti ya herufi, anasikia mkono wako unaponyanyuka. Na usimwite mzito mbele ya pacha wake, wala mbele ya mtu yeyote.

Walioniuliza kama nauza kadi za herufi: siuzi, nunua chaki. Doto sasa anasoma kweli, ila amekwama kwenye "nyw". Kunywa, kinywa, anyweshe, tuko hapo wiki ya pili na mate yanaruka. Mwenye mbinu aniandikie.