Maswali na majibu: kadi zenu, masoko ya mtandaoni na ada mnazozikimbia

Barua zimejaa, na karibu nusu yake zinauliza kitu kimoja: "Hii ni shilingi ngapi?" Nyingine hazina hata picha. Wenye barua hizo msinisubiri. Hawa wengine nimewachagua, na si wote nimewachagua kwa wema.

Nina kadi ya Pokémon, Charizard ya mwaka 1999. eBay nimeiona inauzwa dola 20,000. Niiweke na mimi kwa bei hiyo? (Nairobi)

Hukuiona ikiuzwa. Umemwona mtu anaiombea dola 20,000. Kuomba hakuna gharama, hata mimi kesho naweza kuweka kandambili zangu kwa bei hiyo. Rudi eBay, chuja matokeo ubaki na vilivyouzwa tu, kisha ndiyo uniambie umeona nini. Na hata hapo, ukikuta bei imepigwa mstari, ujue muuzaji alikubali pungufu na eBay haikuambii alikubali ngapi. Tovuti ya 130point huwa inaonyesha.

Halafu "Charizard ya 1999" haijaniambia kitu. Ishike mkononi. Chini kulia pana namba: ikiwa 4/102 ni ya seti ya kwanza ya Kiingereza, ikiwa 4/130 ni ya Base Set 2 ya mwaka 2000, na hapo umeshashuka ngazi kadhaa. Ikiwa ni 4/102, tafuta muhuri mdogo wa toleo la kwanza, chini ya picha upande wa kushoto. Kama haupo, angalia ukingo wa kulia wa fremu ya picha: kuna kivuli au hakuna? Mwisho, chukua kioo cha kukuzia usome mstari wa hakimiliki pale chini kabisa. Zisizo na kivuli zimeandikwa 1995, 96, 98, 99 kabla ya jina la Nintendo. Za kawaida, zilizochapwa kwa wingi, zinaishia 98. Kati ya aina hizi bei zinatofautiana kama pikipiki na nyumba, na wengi wenu mna pikipiki. Nakala ya toleo la kwanza yenye daraja la 10, la juu kabisa, la PSA (kampuni inayopima hali ya kadi) iliuzwa dola 420,000 mwaka 2022, na tangu siku hiyo kila mwenye kadi ya chungwa droo ya mwisho ananiandikia.

Duka la vitu vya watoto hapa mtaani linauza paketi za kadi za Pokémon za rangi ya dhahabu kwa bei ya chipsi mayai. Ni halisi? (Dar es Salaam)

Hapana.

Naishi Köln. Nina kadi za mchezo wa Magic mia kadhaa, nyingi za euro moja au mbili. Niuzie Cardmarket au eBay? Nasikia eBay siku hizi ni bure.

Cardmarket. Wako Berlin, wamekuwa kwenye kazi hii tangu 2007, na soko lao limepangwa kwa mtu wa aina yako. Anayetafuta nakala nne za kadi ya senti 80 haendi kushindana mnadani. Anataka kujaza kapu kwa muuzaji mmoja au wawili, alipe posta mara moja, alale. Ni kweli eBay ya Ujerumani haiwatozi wauzaji binafsi tangu Machi 2023, na Cardmarket watakukata kama asilimia tano. Lakini asilimia tano ya kadi iliyouzika ni nafuu kuliko bure ya kadi iliyokaa miezi minane bila kuulizwa. Ukiwa na kadi moja ya euro 600, yenye picha nzuri na historia, hapo ndipo tuongee habari za eBay.

Nimepata kadi ya dola 400 kwenye kundi la Facebook. Muuzaji anataka nimlipe PayPal kwa njia ya Friends and Family ili tusikatwe ada. Ana sifa nzuri kundini. Nifanyeje? (Minneapolis)

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na bado linakuja kila wiki likiwa limevaa nguo mpya. Mara ni Zelle, mara ni Cash App, mara ni "nitumie tu kama zawadi kaka, tunaaminiana."

Tufanye hesabu. Ukilipa kwa njia ya Goods and Services, PayPal wanakata kama asilimia tatu, yaani dola kumi na mbili na kitu kwenye hizo 400. Kwa pesa hiyo unapata siku 180 za kufungua malalamiko kama kadi haikuja au imekuja nyingine. Ukilipa kwa Friends and Family umewaambia PayPal kwa mdomo wako mwenyewe kwamba huyu ni rafiki au ndugu na hununui kitu. Hakuna malalamiko. Umempa, basi. Kwa hiyo unachoambiwa ni kwamba uhatarishe 400 ili yeye aokoe 12. Tena yeye, si wewe.

Mwambie hivi: "Ongeza hiyo ada kwenye bei, nitailipa mimi." Muuzaji wa kweli atasema sawa. Tapeli ataanza hadithi: akaunti yake ina shida, mkewe ndiye mwenye PayPal, kuna mwingine anasubiri. Hapo umeshapata jibu na hujatoa hata senti.

Hizo "sifa nzuri" nazo zichunguze. Akaunti za watu wenye sifa huibwa, na mwizi huzitumia kuwauzia watu kumi kwa usiku mmoja kabla mwenyewe hajaamka. Mwombe picha ya kadi ikiwa imelazwa juu ya karatasi yenye jina lake na tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono. Kisha mwombe nyingine, sasa karatasi iwe chini ya kona ya kushoto. Hiyo ya pili ndiyo inayowatoa jasho, kwa sababu ya kwanza huwa wameshaiiba mahali.

eBay Uingereza walisema kuuza ni bure. Mbona wanunuzi wangu wanalalamika bei zimepanda? (Leicester)

Kwa sababu zimepanda. Wauzaji binafsi waliondolewa ada Oktoba 2024, na Februari 2025 ikaja ada ya ulinzi wa mnunuzi, inayojumlishwa kwenye bei anayoiona yeye. Ada haikufa, imevuka tu upande wa pili wa kaunta. Marekani bado inakaa kwa muuzaji, na kwa kadi ni zaidi ya asilimia 13 ya kila kitu, posta ikiwemo. Inauma. Lakini ndani ya hiyo asilimia kuna mtu wa kumlalamikia, kuna pesa iliyoshikwa, kuna kumbukumbu ya bei ambayo kesho mwenzako ataitumia kujua kadi yake ni ya ngapi. Wanaonikera ni wale wanaochungulia bei eBay, wanakutana na mnunuzi eBay, halafu wanamvutia kando ya barabara kukwepa ada, na likiharibika wanaandika barua kuniuliza eBay itawasaidiaje. Haitawasaidia.

Nina sanduku zima la Match Attax, zile kadi za wachezaji wa soka, alizokusanya kijana wangu zamani. Niziuzie wapi?

Mpe mpwa wako.

Je, nipeleke kadi zangu PSA zipimwe kabla ya kuuza? (Toronto)

Kadi zako zipi? Ungeniambia ningekujibu vizuri. Kwa ujumla: kadi ambayo ikiwa tupu, yaani haijapimwa, haifiki dola mia, iache ilivyo. Utalipa ada ya kupimwa, posta ya kwenda, bima, posta ya kurudi, na utasubiri wiki au miezi. Kisha itarudi na 9 badala ya 10, na kwa kadi nyingi za kisasa hiyo 9 inakurudishia gharama tu, tena ukiwa na bahati.

Kabla ya kutuma, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, inamisha kadi taratibu. Mikwaruzo kwenye sehemu inayong'aa itajitokeza yenyewe. Kama ni Pokémon, geuza nyuma uangalie kingo za bluu: nukta nyeupe zozote kwenye kona ni daraja limeondoka. Pima kwa macho upana wa mpaka kushoto na kulia. Ukishaona kasoro mbili wewe mwenyewe, wao wataona tatu.

Na hili hukuliuliza, lakini lisikilize. Kampuni ya Collectors, mwenye PSA, ilinunua pia mpimaji mwenzake, SGC, mwaka 2024. Mwaka huohuo eBay ilichukua nyumba ya mnada ya Goldin kutoka kwa hao hao Collectors, nao wakachukua ghala la kadi la eBay. Sasa kadi inaweza kupimwa na PSA, kuhifadhiwa na PSA na kutangazwa eBay bila kupita mikononi mwako. Ni raha kwa muuzaji mvivu. Lakini anayesema kadi yako ni 10 na anayefaidika ikiuzwa kama 10 wanazidi kukaa karibu, na mimi hilo silipendi.

Mkinunua iliyokwisha pimwa, ingizeni namba ya cheti kwenye tovuti ya PSA. Makasha ya plastiki ambamo kadi iliyopimwa hufungiwa hughushiwa, na namba huwa ni ya kweli, imenakiliwa kutoka kadi nyingine. Kwa hiyo linganisheni na kadi yenyewe, si namba peke yake: nukta, mpaka, mahali mchoro wa kung'aa ulipoangukia.

Mume wangu ananunua "break" kwenye Whatnot, ile ya minada ya moja kwa moja kwa video, kila Ijumaa usiku. Ananiambia ni uwekezaji. (Atlanta)

Dada, ni kamari. Wasioijua: mtangazaji anafungua sanduku moja kwa moja kwenye kamera, watu wamegawana timu au nafasi, kila mmoja anapata kadi zilizoangukia upande wake. Wengi wanapata hewa. Whatnot yenyewe si ya matapeli, nimeona kadi moja moja zikiuzwa humo kwa bei ya chini ya eBay, hasa muuzaji akiwa na watazamaji wachache. Tatizo ni mnada wa sekunde chache, saa tano usiku, na mtu anapiga kelele kwamba nafasi zinaisha. Mwambie aandike kwenye karatasi alicholipa na alichopata, kila Ijumaa, na karatasi ikae kwenye friji.

Muuzaji ana sanduku la Pokémon la miaka ya tisini, halijafunguliwa, na anatoa punguzo. Plastiki inaonekana ya asili. (Muscat)

Inaonekana kwa nani? Desemba 2021 Logan Paul, yule wa YouTube na mieleka, alilipa dola milioni 3.5 kwa katoni iliyosemekana kuwa na masanduku ya toleo la kwanza. Ilikuwa imeshakaguliwa na kuthibitishwa na watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Mwezi uliofuata ikafunguliwa Chicago mbele ya kamera, ndani mkatoka kadi za G.I. Joe. Yeye alisema alirudishiwa pesa zake. Wewe utarudishiwa na nani? Kitu kilichofungwa hukiuzi wala hukinunui kwa macho, unanunua historia ya kilipopita, na punguzo kwenye kitu kama hicho ndilo la kukutia wasiwasi kwanza. Ukitaka kadi, nunua kadi.

Nilinunua kadi ya Near Mint (karibu mpya) Cardmarket, imekuja na kona nyeupe. Muuzaji anasema kwao hiyo ni Near Mint. (Brussels)

Anakutania. Cardmarket wana ngazi saba za hali ya kadi, na chini ya Near Mint ipo Excellent, iliyowekwa kwa ajili ya kona kama hizo. Mkanganyiko wa haki huja pale Wazungu wa Ulaya wanapouziana na Wamarekani: TCGplayer wana ngazi tano, hawana Excellent, na kadi kama yako huko ingeitwa Lightly Played. Wewe na yeye mko soko moja, hana kisingizio. Piga picha kabla hujathibitisha kwamba umepokea, dai sehemu ya pesa, na kama kiasi ni kikubwa fungua kesi. Siku nyingine kadi ikizidi euro 50 usinunue bila picha ya mbele na nyuma.

Niko Dar. Nanunuaje kadi za TCGplayer, na nimwambie muuzaji aandike "zawadi" ili forodha wasinisumbue?

TCGplayer, ambayo ni mali ya eBay tangu 2022, ni soko la ndani ya Marekani. Wauzaji wengi wanatuma kwa bahasha ya kawaida kwenda anwani za huko. Utahitaji ndugu au wakala wa kukupokelea, na wakala anatoza kila kifurushi. Kadi ishirini kutoka kwa wauzaji kumi na wanane zinageuka balaa.

Kwa mtu aliye Afrika Mashariki mimi napendelea COMC. Wauzaji wanawapelekea kadi huko jimbo la Washington, zinapigwa picha mbele na nyuma, zinakaa ghalani. Ukinunua haisogei, inabadilishwa jina tu. Nunua leo moja, mwezi ujao tatu, ukichoka uza humo humo, na siku ukiamua ndipo unaomba zote zitumwe pamoja, posta moja. Bei zao ziko juu kidogo, ila muuzaji ukimpa ofa mara nyingi anashuka. Uteuzi wa kadi za wanamichezo ni mpana kuliko wa Pokémon.

Kuhusu "zawadi": usithubutu. Ni kudanganya forodha, na zaidi ya hapo, kifurushi cha dola 300 kilichoandikwa 15 kikipotea utalipwa 15. VAT ya Tanzania ni asilimia 18, na wanaihesabu pamoja na gharama ya usafiri. Iingize kwenye hesabu kabla hujabonyeza kununua, na ukiona kadi haivumilii hesabu hiyo, muachie aliye karibu nayo.