Matanga ya Muldraugh: la kufanya mhusika wako anapong'atwa

Project Zomboid, gemu ya kujaribu kuishi katikati ya mazombi, haimfichi mtu. Kabla hujagusa kitu, maandishi kwenye skrini nyeusi yanakwambia kwamba hivi ndivyo ulivyokufa. Umeshaambiwa. Hata hivyo, siku zombi anapotokea nyuma ya mlango wa choo na kukuwahi shingoni, watu wazima wenye kazi na familia huzima kompyuta bila kusema neno, na wengine hawairudii gemu hiyo kwa miezi.

Uchungu huo una hesabu yake. Kwa mipangilio ya kawaida, siku moja ndani ya gemu ni saa moja ya saa yako ya ukutani. Mhusika aliyeishi miezi miwili amekula kama saa 60 za maisha yako, ukitoa zile zilizopita mbio alipokuwa amelala. Katika saa hizo umempandisha useremala ngazi baada ya ngazi kati ya 10 zilizopo, umelima kabichi, umeokota misumari nyumba kwa nyumba, umejua mtaa upi wa Muldraugh, mmoja wa miji ya gemu hiyo, una mazombi na upi hauna. Akifa, nyumba inabaki pale pale. Kabichi na misumari pia. Kinachoondoka ni ujuzi wake na yeye mwenyewe, na wachezaji wengi huvichanganya hivi viwili: wanadhani wanamlilia marehemu kumbe wanalilia ngazi za useremala. Ngazi hizo mrithi wake, yaani mhusika mpya utakayemwanzisha katika dunia ile ile, anaweza kuzipanda tena kwa haraka zaidi, mradi ujiandae marehemu akiwa bado mzima.

Kwanza hakikisha kweli anakufa. Watu wengi huanza kuomboleza mapema. Mkwaruzo wa zombi una uwezekano wa asilimia 7 wa kuambukiza virusi vinavyoua, jeraha la kuchanika asilimia 25, kung'atwa asilimia 100. Bonyeza H, soma aina ya jeraha, kisha ndipo ulie. Kinachowapoteza wengi ni kuona jeraha limeandikwa kwamba limeambukizwa. Hayo si maambukizi ya zombi. Ni kidonda kilichoingia uchafu, mara nyingi kwa sababu ya bendeji chafu, na tiba yake ni dawa ya kuua vijidudu au pombe kali, bendeji safi, na kuibadilisha kila inapochafuka. Virusi vyenyewe havina lebo. Unavijua kwa mwenendo: mhusika anaanza kuwa na wasiwasi usio na sababu, kisha kichefuchefu, kisha homa, na hali haishuki. Kichefuchefu peke yake hakithibitishi kitu, kwa sababu kukaa karibu na rundo la maiti au kula chakula kilichooza pia hukileta. Mtoe kwenye maiti, usimpe chakula cha kutilia shaka, mlaze. Cha maiti kitapungua. Cha virusi hakirudi nyuma.

Ikiwa ameng'atwa, basi, hakuna mjadala. Kwa mipangilio ya kawaida una siku 2 hadi 3 za gemu. Wachezaji wengi wanazitumia vibaya: wanachukua shoka na kwenda kufia katikati ya kundi la mazombi kama shujaa. Sina neno na shujaa. Tatizo ni kwamba anaondoka na begi lenye nusu ya mali ya nyumba, na mrithi atalazimika kulifuata huko huko kwenye kundi.

Mrudishe nyumbani kwanza. Toa kila kitu begini, pamoja na funguo za gari, uviweke kwenye kabati moja utakalolikumbuka. Zima jenereta: vya kwenye friji vitaoza, lakini petroli itabaki, na vya makopo havihitaji friji. Funga mapazia. Kisha mtoe nje. Usimwache afie ndani, kwa sababu atafufuka humo humo na mhusika mpya, asiye na ujuzi wowote, atakutana naye kwenye korido nyembamba ambako hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Mahali pazuri ni uwani, au nyumba ya pili, akiwa amevaa nguo nyepesi. Usimvishe koti la ngozi wala kofia ya chuma, maana mavazi yale yale yatamkinga atakapokuwa adui yako. Halafu andika kwenye karatasi, nje ya gemu, amekufia wapi na kabati ni lipi.

Kifo cha ghafla ndicho kinachouma zaidi, kwa kuwa hakikupi siku hizo. Ndiyo maana wosia uandikwe mapema, kama wiki ya pili hivi, mambo yakishatulia. Kwa wosia tunamaanisha kisanduku halisi mahali halisi, na mahali pake si nyumba yako kuu. Mhusika mpya anaanzia kwenye nyumba yoyote ya mji utakaomchagulia, na kituo chako kinaweza kuwa mbali, barabarani kukiwa na kila aina ya balaa. Tafuta nyumba ndogo pembezoni mwa mji unaokusudia kumwanzishia mrithi. Weka silaha moja nzuri, begi, maji, chakula cha makopo cha siku kadhaa na bendeji. Kisha vitabu. Kila ujuzi wenye vitabu una juzuu 5, na kuvisoma kunaongeza kasi ya kujifunza. Marehemu alishavisoma, mrithi hajavisoma, na kitabu hakiishi kwa kusomwa. Muhimu kuliko vyote ni jarida la kuendesha jenereta. Maarifa yale hufa na aliyelisoma. Kuna watu wameketi gizani kwenye nyumba yenye jenereta mbili na mapipa ya petroli kwa sababu jarida lilitupwa mwezi wa kwanza likionekana halina kazi tena.

Jambo jingine linalomfanya mrithi aonekane goigoi kuliko marehemu: gemu inaanza Julai 1993, na siku zile za mwanzo televisheni bado inarusha vipindi vya useremala, upishi na mengineyo vinavyompa mtazamaji ujuzi wa bure. Mhusika wa pili amevikosa vyote. Si kwamba umesahau kucheza. Kanda za video zenye vipindi vya namna hiyo hupatikana majumbani na madukani; ukiziona wakati wa uhai wa mhusika wa kwanza, usiziache, hata kama yeye hazimsaidii kitu.

Sasa ule usiku wenyewe. Ushauri wetu ni mmoja na hatuulegezi: usianze mhusika mpya usiku huo huo. Aliyekasirika hukimbilia begi la marehemu moja kwa moja, mikono mitupu, njia fupi kabisa, na njia fupi kabisa ndiyo iliyomuua wa kwanza. Matokeo yake ni vifo viwili, mara nyingine vinne, kabla ya saa sita ya usiku, na mazombi wapya waliovaa nguo za wahusika wako. Wala haraka yenyewe haina sababu. Kwa kawaida maiti huondolewa baada ya saa 216 za gemu, yaani siku 9, na ukicheza peke yako saa hizo hazitembei ukiwa umefunga kompyuta. Begi litakungoja. Lala.

Kesho yake usimtengeneze pacha wake. Jina lile lile, kazi ile ile, nywele zile zile: kila utakachofanya utakilinganisha na cha marehemu, naye atashinda kila mara. Chagua atakayeziba pengo la marehemu. Kama wa kwanza alikuwa seremala, wa pili awe fundi umeme, ambaye anajua jenereta bila kusoma jarida lolote. Utaingia kwenye nyumba ile ile ukiwa na la kuongeza.

Kuhusu kurudisha gemu nyuma, watu wanagombana bure. Faili zako ziko kwenye folda ya Zomboid, ndani ya Saves. Toka kabisa kwenye gemu, nakili folda nzima ya dunia yako, kisha ibane iwe faili moja, kwa kuwa ina vifaili vidogo maelfu na kuvihamisha kimoja kimoja kunachosha hata mashine nzuri. Palipo na umeme wa kukatikakatika, nakala hiyo ni lazima, maana faili iliyoharibika si kifo cha haki. Lakini kama utaitumia kumfufua aliyeng'atwa, amua kabla hujaanza dunia, si dakika tano baada ya msiba. Ukiirudisha mara moja kwa hasira, utairudisha mara ya pili, na kuanzia hapo mlango wa choo hauogopeshi tena na gemu imekwisha ladha. Wasiotaka kupoteza kila kitu wana njia za kati: modi (nyongeza ya gemu iliyotengenezwa na wachezaji) ya daftari ambamo mhusika huandika ujuzi wake na mrithi akausoma, au kubadilisha mipangilio ili kung'atwa peke yake ndiko kuambukize. Hii ya pili inaondoa vile vifo vya mkwaruzo ambavyo ndivyo huleta matusi mengi.

Mkicheza kikundi, kubalianeni mapema nani atamuua aliyeng'atwa na mali yake itakwenda wapi. Kumpekua mtu begi angali anaongea nanyi kwenye maikrofoni ni ukosefu wa adabu, gemu au si gemu. Na akifa, mpe pole kwanza. "Ni gemu tu" haijawahi kumtuliza mtu; mara nyingi humfanya azime maikrofoni. Uchambuzi wa kosa lake unaweza kusubiri kesho.

Kuna msiba wa aina nyingine kabisa, ule ulioandikwa na watunzi wa gemu. Katika The Walking Dead, gemu ya kampuni ya Telltale ya mwaka 2012, Lee, mhusika unayemwongoza, anang'atwa, na kwenye sehemu ya tano unapewa uamuzi wa kumkata mkono au kuuacha. Ukate, usiukate, anakufa. Wapo waliorudia sehemu nzima wakitafuta chaguo walilolikosa. Halipo. Pale hakuna kosa la kuchambua wala wosia wa kuandaa, na unayemwonea uchungu si Lee peke yake, ni Clementine, mtoto anayebaki. Icheze mara moja, iache siku mbili tatu, na takwimu za chaguo za wachezaji wengine zinazotokea mwishoni mwa kila sehemu usizichukue kama matokeo ya mtihani.

Tukirudi Muldraugh, mrithi akishapata silaha na kupumzika, kazi yake ya kwanza nzito ni kumtafuta marehemu. Kama alifufuka, mara nyingi atakuwa anatangatanga karibu na pale ulipoandika. Mvute peke yake hadi mahali peupe, usipigane naye palipo na wenzake. Baadaye chukua koleo, chimba kaburi uwani, na kama una mbao na misumari mtengenezee msalaba. Linaonekana jambo la kitoto, lakini ndilo linalowafanya wengi waache kuizunguka nyumba ile kama ya mtu mwingine. Kaburi moja la gemu hiyo hubeba maiti 5, kwa hiyo usiwe na haraka ya kulifukia.