Shangazi, harusi yetu Paje mwezi wa nane, upepo utatuacha kweli?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mchumba wangu tuko Dar, tunataka kufanya harusi Zanzibar mwezi wa nane, pale Paje, mchangani kabisa, wageni kama 80 hivi, wengine wanatoka Mwanza. Tumepanga saa kumi na moja jioni ili tupate picha za jua linazama baharini. Wiki ijayo tunalipa advansi ya hoteli. Sasa juzi kaka yangu anayetembeza watalii akaniambia tutajuta, upepo wa huko mwezi huo si mchezo. Mama anasema kaka hapendi tu tuende mbali. Halafu, mchungaji wetu anaweza kutufungisha ndoa hapohapo ufukweni?
Bibi harusi mtarajiwa, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Kaka yako mshukuru, na hiyo advansi usiitoe kwanza.

Mwezi wa nane ni kusi, upepo unaotoka kusini, tena kusi yenyewe, ile ya Juni mpaka Septemba. Paje iko upande wa mashariki, mbele yake ni bahari kuu, hakuna cha kuukinga upepo, ndo maana watu wa kaiti wanatoka mpaka Ulaya kuja kuruka pale. Upepo unaomnyanyua mtu mzima na ubao wake juu ya maji, shela yako utaifanyaje? Na picha za jua linazama hutazipata Paje, pale jua linachomoza baharini, jioni linazamia nyuma yenu huko kwenye minazi.

Mi nilikuwepo kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, mwezi wa saba, upande huohuo wa mashariki. Wakati wanavishana pete tao la maua likaanza kulala, wajomba wawili wakaenda kulishika miguu, mmoja huku mmoja kule, wamechuchumaa na suti zao mpaka ibada ikaisha. Maikrofoni inavuma vuuu tu. Dada yangu amekaa safu ya mbele na hakusikia hata neno moja la kiapo cha mwanae, na hilo ndo linaniuma mpaka leo, maua siyasemi.

Kwa hiyo kama tarehe haisogei, hameni Paje mwende Kendwa. Iko kaskazini magharibi, kisiwa chenyewe kinaikinga na kusi, jua linazama mbele yenu baharini kama unavyotaka, na maji yake yakipwa hayakimbii mbali. Kama roho yako imeng'ang'ania Paje basi sogezeni tarehe, wazee wa pwani wana ile wanaita maleleji, kusi imechoka na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijaingia, hapo kwenye mwezi wa kumi hivi, bahari inatulia. Ila msichelewe sana vuli ikawakuta. Na msikimbilie Aprili kisa hoteli zimeshuka bei, hiyo ni masika, mtalowa.

Mkibaki Paje angalieni na mwezi angani. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanajaa kwenye saa kumi kumi na moja jioni, hapo ndo pazuri. Mwezi ukiwa nusu, saa hizohizo maji yametoka, mtapiga picha na mchanga mtupu na mwani. Mwezi wa Ramadhani uacheni kabisa, wenyeji wamefunga, si vizuri kuwapigia muziki na kula mbele yao.

Kuhusu mchungaji, nakushauri ndoa mfunge kanisani kwenu Dar halafu mvuke mkasherehekee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, Zanzibar wana utaratibu wao, kwa hiyo usidhani leseni ya mchungaji wako inavuka maji pamoja naye. Na hata huku Bara taarifa ya ndoa inatakiwa siku 21 kabla, kamati ikikaa kubishana rangi za vitambaa hizo siku zinaisha.

Wazee wa Mwanza waambie mapema, kusi bahari inachafuka, safari ya boti ya kama masaa mawili inawatesa wasiozoea. Wapande boti ya asubuhi, wakae nyuma na chini, dawa ya kichefuchefu wameze kabla hawajapanda. Tena wavuke siku moja kabla, usithubutu kuleta bibi mzaa mama siku hiyohiyo.

Hata Kendwa upepo kidogo upo. Badala ya mishumaa weka chemli, keki ikae ndani mpaka saa ya kukata, MC mwambie maikrofoni ivalishwe sponji, na mkajaribu sauti saa ileile ya ibada siku moja kabla. Shela mpe fundi ashonee sarafu kwenye pindo, sita au nane, zile nzito za shilingi mia mbili, zifunikwe vizuri zisionekane. Yule binti yetu alifungwa nywele mara tatu kabla hajasema "ndiyo".