Tangi Nalo Hupumua

*Fundi, pokea salamu kutoka Buruburu. Marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya 1979, ya kabureta, na nimeapa siiuzi. Alipenda kutukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Sasa yangu haifiki Limuru. Nikitoka nyumbani inakwenda vizuri, napita mjini, nashika Waiyaki Way, lakini nikivuka Uthiru inaanza kukosa nguvu, inakohoa, inazima. Nikikaa kando ya barabara kama robo saa inawaka, kisha inazima tena mbele. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta. Wa pili alifungua kabureta. Wa tatu ananishauri niuze. Ajabu ni kwamba nikiweka mafuta ya shilingi 1,000 haizimi. Nikijaza tangi kwa ajili ya safari ndipo huzima. Tangu tuibiwe petroli na kifuniko mwaka jana nimenunua kifuniko cha ufunguo Kirinyaga Road, kwa hiyo sidhani kuna mtu anayetia uchafu humo. Nisaidie.*

Binti yangu, usiuze. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya mambo mawili uliyoyapitia haraka: tangi likijaa ndipo gari huzima, na kifuniko si kile cha zamani.

Pampu ya 504 yako huvuta petroli kutoka tangini. Kila lita inayotoka huacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa ya nje. Isipopata pa kuingilia, ndani ya tangi panabaki utupu unaovuta kinyume na pampu. Pampu inavuta huku, tangi linavuta kule, na kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, inabaki na njaa. Ukikaa kando robo saa, hewa hupenya kidogo kidogo kwenye ukingo wa kifuniko, pampu inapumzika, gari linawaka. Lakini ugonjwa bado uko pale pale.

Na hiyo habari ya shilingi 1,000 ndiyo iliyonipa uhakika zaidi. Tuseme umejaza hadi ikabaki nafasi ya lita 5 tu za hewa juu ya petroli. Injini ikinywa lita 1, hewa ile ya lita 5 inalazimika kujitandaza katika nafasi ya lita 6, na presha inashuka kwa kiasi kikubwa. Tangi likiwa karibu tupu, lenye lita 40 za hewa, lita 1 ikitoka haibadilishi mengi. Pampu mbovu haiwezi kujua umeweka mafuta ya pesa ngapi.

Magari ya zamani hayapumui kwa njia moja. Mengine hupumulia kwenye kifuniko chenyewe, kwa kitundu au vali ndogo upande wa ndani. Mengine yana kipaipu kilichotoka juu ya tangi na kuishia mahali palipofichika karibu na mdomo wa kujazia mafuta au chini ya bodi. Vifuniko vya ufunguo vinavyouzwa mitaani vingi vimeziba kabisa. Vinaingia vizuri, vinafunga vizuri, na gari lililotegemea kifuniko kupumua linakuwa limezibwa pua.

Kwa hiyo fanya hivi likizima tena. Toka barabarani kabisa na uweke pembetatu zako. Usisubiri ile robo saa. Shika kipande chembamba cha karatasi ya shashi karibu na kifuniko, kisha ufungue taratibu. Sauti ya “sss” peke yake haitoshi, maana petroli iliyopata joto nayo husukuma hewa nje. Tazama karatasi. Ikivutwa kuelekea tangini na gari likawaka papo hapo, umepata jibu. Ikipeperushwa nje, au isipotikisika na gari likakataa kuwaka, kagua umeme: koili na kondensa (vifaa vya cheche ya kuwashia injini) za umri huo zikipata joto huzima gari kwa namna inayofanana sana na hii. Na asiwepo mwenye sigara karibu.

Likithibitika, tafuta kifuniko chenye tundu la hewa kinachofaa gari lako. Ukikuta kipaipu pia, kikague. Gari lililokaa miezi chini ya mti hupata wageni: nyigu wajengao kwa udongo hupenda vipaipu vya upana huo, nao huziba kabisa. Kipaipu cha mpira kilichozeeka nacho hujikunja au hushikana kwa ndani. Kichomoe kwanza kwenye tangi, ndipo ukipulize kwa pampu ya baiskeli. Usimruhusu mtu kupuliza kompresa ndani ya tangi, litavimba. Utupu nao huliumiza. Upande wa juu wa tangi wenye sentimita 60 kwa 40, presha ya ndani ikipungua kwa sehemu 1 tu ya 20 hapa Nairobi, unabeba uzito wa karibu kilo 100 kutoka nje. Nimeona matangi yaliyobonyea hivyo, na mwenye gari akidhani aligonga jiwe.

Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mwaka 1994 mzee mmoja wa Rironi aliniletea Peugeot 404 yenye dalili hizi. Nilibadilisha pampu, nikasafisha kabureta, nikachukua pesa yake. Wiki iliyofuata alikwama Kinungi na mkewe mgonjwa garini. Nilipowafuata nikafungua kifuniko ili nipime mafuta kwa kijiti, tangi likavuta hewa kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Jambo hilo bado linaniuma. Kabla ya kununua pampu, fungua kifuniko.

*Nina pikapu ya Datsun 1200. Jamaa wameniambia nitoboe kifuniko kwa msumari nimalize shida. Ni sawa? – Msomaji, Kayole*

Hapana, bwana. Tundu la msumari halina vali wala kizuizi. Ukikata kona na tangi limejaa, petroli inamwagika kwenye rangi na juu ya paipu ya moshi. Mvua ikinyesha, maji yanaingia. Na kama tangi lako lina kipaipu chake cha hewa, kifuniko hakina kosa. Kizibue kipaipu hicho.

*Volkswagen Beetle yangu ya 1970 inanuka petroli ndani, hasa nikijaza tangi asubuhi na kuiegesha juani South B. Watoto wanalalamika. – Mama wawili*

Mama, hapa tangi linapumua, ila linapumulia mahali pabaya. Petroli ikipata joto hupanuka: lita 40 zikiongezeka nyuzi 20 hufura kwa karibu robo tatu ya lita. Ukiwa umejaza hadi mdomoni, hiyo ziada lazima itafute njia. Beetle tangi lake liko mbele, na mipira ya hewa na ya kujazia mafuta iko pale pale mbele ya dashibodi. Ikipasuka, mvuke unaingia kwenu moja kwa moja.

Mwambie mhudumu wa kituo aache pampu inapojikata yenyewe, asiongeze. Hilo litapunguza harufu, halitatibu. Toa mipira yote ya tangi, hata ile inayoonekana mizima, uweke ya petroli, si ya maji, na klipu mpya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini karibu na miguu ya watoto, na cheche moja ya swichi inatosha. Hadi mipira ibadilishwe, watoto wapande matatu.