Mwenye sukari unayesubiri figo, usijiachilie

Juzi nimepata meseji ya binti mmoja wa Likoni, babake ana sukari miaka mingi na sasa figo zimekataa, ananiuliza, "Mjomba, tukishapata mtu wa kutoa figo si ndo basi?" Nimekaa na hiyo meseji siku mbili, manake wazo hilo ndo lililoniangusha mimi, nami pia nina sukari na figo zangu zimekufa.

Huku kwetu Kenya hakuna kusema jina lako limeandikwa mahali, mtu akifariki utapigiwa simu. Figo unapewa na mtu aliye hai, mara nyingi ndugu wa damu, kwa hivyo kazi ya kuomba ni yako na mdomo wako. Nikaomba. Kakangu, tumbo moja, akasema atafikiria, na hadi leo nikimpigia simu yaita tu mpaka inakatika. Nasema ukweli, bado inaniuma. Dadangu mdogo ndo alisema "nikate mie", akapimwa, vipimo vikaafikiana, na sukari hana, maana mwenye sukari hakubaliwi kutoa.

Basi nikajiachilia! Mahamri kila asubuhi, tende, jioni nateremka Mama Ngina, kule ufukweni Mombasa, kupunga upepo na madafu mawili matatu, najiambia figo iko njiani. Kuja kupimwa ile sukari ya wastani wa miezi 3, asilimia 10.8, iko juu sana. Daktari akaahirisha upasuaji. Akanieleza ukishapandikizwa unapewa dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, na baadhi yake, hasa zile steroidi, zinapandisha sukari juu ya ile uliyo nayo, kidonda kinakawia kupona, na figo ya dadako itaharibiwa na sukari ile ile iliyoua zako. Dadangu ameshachukua likizo kazini, ameshaaga watu. Kumwangalia usoni nilishindwa.

Kwa hivyo ndugu zangu msikie. Kusubiri ni kazi, ifanye kila siku. Pima sukari, usikisie, tena usikisie. Figo zikifa insulini inakaa mwilini muda mrefu, dozi yako ya zamani yaweza kukuangusha, mimi nilizimia kwenye matatu ya Kisauni nikitoka dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu, watu wakadhani nimelewa. Daktari akanipunguzia dozi, wewe usijipunguzie mwenyewe. Na madafu acha, hata kama hayana sukari nyingi yana potasiamu, madini ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa na moyo waweza kusimama ghafla. Mie niliambiwa hilo nikacheka, nikaona ni maji ya Mungu tu. Mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, usikubali mtu afunge kipimo cha presha wala atoe damu, hata awe nesi mkali vipi. Meno pia yaangaliwe mapema, jino bovu lasimamisha upasuaji.

Na nyinyi mnaoulizwa figo, kama hutaki sema hutaki, mgonjwa atalia siku moja kisha atatafuta kwengine. Kumnyamazia mtu aliye kwenye mashine mara mbili kwa wiki ni kumlia muda wake.

Binti yangu, mpeleke babako kliniki ya sukari hata kama mtoaji ameshapatikana, ubebe dawa zake zote kwenye mfuko waone anameza nini. Mimi wiki iliyopita ile sukari ya miezi 3 imesoma asilimia 7.4, na dadangu ameshaanza kuulizia likizo upya.