Mkuu wa Toyota Harrier, usifunge hizo nati za magurudumu!

Simamisha fundi hapo hapo. Umeandika kwamba umenunua sportrimu (rimu za urembo, siyo za kiwandani) za inchi 18, nati ulizonazo ni zile za rimu za kiwandani, na muuzaji kakwambia "zinaingia bila shida". Zinaingia, ndiyo. Hata kwangu ziliingia.

Shika nati moja uitazame. Ina washa bapa inayocheza, na shingo fupi chini yake. Hiyo ni ya rimu ya aloi ya Toyota yenye kitako bapa, yaani pale nati inapokalia rimu: shingo inazama tunduni, washa inalala juu, kazi imeisha. Sasa chungulia tundu la sportrimu yako. Nyingi za madukani zina mteremko wa digrii 60, kama faneli. Washa bapa itakaa wapi hapo? Inashika ukingo tu, na hakuna kinacholiweka gurudumu katikati. Lakini mkononi unahisi imekaza kweli kweli, fundi anapigapiga tairi kwa kiganja, unalipa, unaondoka.

Mimi niliondoka Dar hivyo, na familia ndani. Usukani ulikuwa umeshaanza kutetemeka siku za nyuma, fundi akasema beringi, tukabadilisha beringi. Ile aliyotoa ilikuwa nzima kabisa, ninayo stoo mpaka leo, anayeitaka aje achukue. Tulipopita Chalinze ukaanza mlio, ka-ka-ka, ukiongeza mwendo unapotea. Nami nikaongeza mwendo, si ndiyo dawa? Karibu na Mikese gari likaanza kuyumba, nikaingia pembeni. Gurudumu la mbele kushoto: stadi mbili, zile bolti zinazofungwa nati, zimekatika, moja mkato wake una kutu, maana yake ilikatika zamani nami naendesha tu. Nati zilizobaki nilizifungua kwa vidole. Matundu ya rimu yamekuwa na umbo la yai, na kila moja limezungukwa na unga mweusi wa aloi, ukiugusa unang'aa kidoleni.

Hesabu yake: gari la kuvuta hadi Morogoro mjini, stadi mpya, rimu moja ya kutupa. Na rimu ya mtumba hupati pacha wake, unanunua seti nzima upya. Wife alikuwa kimya njia yote. Hiyo gharama siiandiki hapa.

Nikampigia aliyeniuzia. "Bosi, nati ni nati." Mtu anashinda kutwa anauza rimu, anajua kukusifia gari limependeza, anajua kuapa kwamba zimetoka Japani juzi, ila kuchungulia tundu la bidhaa yake mwenyewe hajawahi! Halafu akaniuliza kama nahitaji seti nyingine, anipunguzie. Nilikata simu kabla sijatukana.

Sasa sikia: kitako cha nati kinafuata rimu, uzi wa nati unafuata stadi. Usichanganye. Harrier yako stadi ni milimita 12 kwa uzi wa 1.5, yaani unene milimita 12, na kutoka uzi hadi uzi milimita 1.5. Nati za Subaru na Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25, zitazunguka kidogo kisha zigome, na fundi wa mashine ya upepo atalazimisha mpaka ale uzi wa stadi. Anza kwa vidole kila mara. Kwa sportrimu zenye mteremko tafuta nati za koni, zenye kitako kilichochongoka, lakini zile za washa usizitupe: siku ukirudisha rimu za kiwandani utazihitaji, maana koni kwenye kitako bapa ni balaa lile lile limegeuzwa. Na usiazime za Honda, za kiwandani zina kitako cha duara.

Kama huamini, paka kitako cha nati wino wa maka peni, kaza kwa spana kidogo, fungua. Wino ukifutika kwa upana kuzunguka pote, imekaa. Ukibaki mstari mwembamba, au umefutika upande mmoja, toa. Ikikubali, kaza kwa kuruka kama unachora nyota, 103 Nm (nyutoni mita) kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Uliuliza na rangi, nyeusi au kromu, sijui na kitu gani kingine, wengine watakujibu. Wewe piga picha ya tundu la rimu kwa karibu, siyo ya gari, uweke hapa kabla fundi hajapandisha jeki.