Nyimbo za Kijapani zinazoimbika kwa mdada anayeanza karaoke

Mdogo wangu mleta mada, umesema mnaenda Fukuoka kusoma wadada watatu, wenyeji wa maabara wameshawaahidi karaoke ya kuwakaribisha, na mnataka nyimbo za Kijapani ambazo mtu mwenye sauti ya kawaida na lugha ya kuungaunga anaweza kuzimaliza. Waliotangulia wamekutajia First Love na Yoru ni Kakeru. Ni nyimbo nzuri mno, ila kwa usiku wa kwanza nakusihi uziache. Nilisoma Nagoya, na karaoke ndiyo ilikuwa starehe yetu ya wikiendi mimi na wadada wa bwenini, Wajapani kwa wageni, kwa hiyo nakueleza nilichokiona kikiwasaidia watu wasio waimbaji.

Kwanza, toa kichwani wazo kwamba wimbo wa taratibu ndio rahisi. First Love ya Utada Hikaru (1999) inakwenda taratibu kweli, lakini mistari yake inataka pumzi ndefu, na kwenye kiitikio sauti inapanda kutoka ya kifuani kwenda ile nyembamba ya juu, kisha inashuka tena. Wimbo ukiwa wa polepole hakuna pa kujificha, kila noti iliyopinda inasikika. Yoru ni Kakeru ya YOASOBI (2019) ina ugumu wa namna nyingine. Mtunzi wake, Ayase, alitokea kwenye nyimbo za Vocaloid, zile zinazoimbwa na programu ya kompyuta, na programu haihitaji kuvuta pumzi. Maneno yanamiminika, melodi inaruka huku na huku, na kuelekea mwisho wimbo wenyewe unahama kii, yaani melodi nzima inahamia kimo kingine cha sauti. Nyimbo za waimbaji Ado na LiSA, nazo ni ngumu, ziweke kando kwa sasa.

Wimbo rahisi unautambua kwa mambo mawili: noti ya chini kabisa na ya juu kabisa haziko mbali, na maneno hayajabanana. Ndiyo maana naanza na kundi la AKB48. Nyimbo zao zinaimbwa na wasichana wengi kwa pamoja, sauti moja, kwa hiyo mtunzi hana budi kuziweka pale ambapo sauti ya msichana yeyote inafika. Koi Suru Fortune Cookie ya 2013 ndiyo namba moja kwangu. Mdundo wake ni wa disko la zamani, hauna haraka, na ile ngoma ya mikono Wajapani wengi wanaijua, maana ulipotoka kampuni na hata ofisi za serikali za mikoa zilirekodi video za wafanyakazi wao wakiucheza. Ukiuweka, wenzako watainuka wenyewe, na ukipotea kwenye ubeti watakubeba.

Kama sauti yako ni nzito kidogo, mtafute Aimyon. Marigold yake ya 2018 ni kama imeandikwa kwa ajili yetu sisi tusiofika juu: anaimba karibu na sauti ya kuongea, maneno yana nafasi, na kiitikio kinajirudia vya kutosha ukakizoea. Mwenye sauti laini ya juu achukue Kaze ni Naru ya Tsuji Ayano (2002), wimbo wa filamu ya katuni ya studio ya Ghibli ile ya paka, Neko no Ongaeshi. Tsuji ni mpiga ukulele, wimbo ni mwepesi na hauna pa kupiga kelele. Mwenzenu mchangamfu asiyeogopa watu mpeni Sakuranbo ya Otsuka Ai (2003). Una kasi, lakini kasi inayohesabika, na kuna mahali karibu na mwisho ambapo chumba kizima (kule karaoke mnakodi chumba chenu wenyewe) hupaza sauti kudai urudiwe, kisha kiitikio kinaanza tena. Mkijipanga vizuri, pale tu panatosha kuwafanya marafiki.

Sasa kuhusu mazoezi. Wajapani wanaugawa wimbo hivi: A-mero ni ubeti, B-mero ni daraja la kupandia, na sabi ni kiitikio. Wageni wengi wanakariri sabi kwa sababu ndiyo wanayoisikia mtandaoni, halafu wakifika A-mero ya pili, yenye melodi ileile na maneno mapya, wananyamaza. Jifunze kuanzia huko. Sabi utaipata tu, ubeti wa pili hauji wenyewe. Na hiragana na katakana zijue kabla hujasafiri, ni herufi 46 za msingi kila moja. Kwenye skrini kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zinawekewa hiragana ndogo juu yake, na rangi inatembea juu ya maneno silabi kwa silabi kukuonyesha ulipo. Ukizisoma hizo kwa haraka, hata kanji moja usiyoijua haikusimamishi.

Hapa Mswahili ana faida kubwa, na nataka uitumie. Irabu zao tano ni kama zetu, na silabi zao karibu zote zinaishia kwenye irabu. Ile n inayosimama peke yake, kama kwenye nchi, nao wanayo, na kwenye wimbo mara nyingi inapewa noti yake, kwa hiyo usiimeze. Irabu ndefu ihesabu mara mbili, kama unavyotamka choo au kaa. Pa kuangalia ni konsonanti inayokazwa, kwa mfano kwenye kitte, yaani stempu: unaziba sauti pigo zima ndipo uendelee. Ukiliruka hilo pigo unaiwahi rangi ya skrini na mstari wote unakwenda kombo. Mkufunzi wangu wa lugha alikuwa anatupigisha makofi kwa kila pigo, na mpaka leo naona hiyo ndiyo njia bora.

Kifaa cha kuchagulia nyimbo ni kama tableti. Mitambo utakayoikuta zaidi ni DAM na JOYSOUND, na yote miwili ina sehemu iliyoandikwa キー, inasomwa kii. Kila ukibonyeza mara moja, wimbo unapanda au unashuka nusu toni, yaani hatua moja ndogo. Hakuna atakayekucheka, Wajapani wenyewe wanafanya hivyo kila siku. Namna ya kuijua kii yako: nyumbani, tafuta mstari wa juu kuliko yote kwenye sabi, uimbe mara kadhaa mfululizo kwa sauti kamili. Shingo ikikaza, shusha mbili. Kisha rudi kwenye A-mero uhakikishe hujazama chini kiasi cha kunong'ona. Zikikushinda sehemu zote mbili, huo wimbo si wako, chukua mwingine. Nyimbo za wanaume nazo zinaimbika, ila mara nyingi zipandishe. Cherry ya Spitz (1996) wadada tuliokuwa nao waliipandisha tatu au nne, ikakaa vizuri kabisa.

Angalieni pia mtakuwa na nani. Kama profesa atakuja na ni mtu wa makamo, wekeni Rouge no Dengon ya Arai Yumi, ya 1975, ambayo vijana nao wanaijua kwa sababu imo kwenye filamu ya katuni ya Ghibli ya 1989 kuhusu Kiki, msichana mchawi. Inafurahisha pande zote mbili na melodi yake haisumbui. Kwa wadada Wajapani waliokua miaka ya tisini, Moonlight Densetsu, wimbo wa katuni ya Sailor Moon, haikosei: ni fupi, na kila mtu ana sehemu anayoikumbuka. Msiweke nyimbo mbili mfululizo za mtu mmoja wakati wengine wanasubiri, na ukiona mwenyeji ana wimbo anaojulikana nao, mwachie. Wewe chukua matari, vyumba vingi vinayo, umpigie.

Kama mnaweza, nendeni kwanza peke yenu mchana wa siku ya kazi, bei iko chini sana kuliko usiku wa Ijumaa, na mtu kwenda peke yake ni jambo la kawaida kule, lina hata jina, hitokara. Jaribuni kii zenu na kuziandika kwenye simu: Marigold chini mbili, Kaze ni Naru kama ilivyo, hivyo hivyo. Na siku yenyewe, simu ya ukutani ikilia, kwa kawaida ni mhudumu anawaarifu kwamba zimebaki dakika kumi. Wekeni Chiisana Koi no Uta ya Mongol800, bendi ya Okinawa, ya 2001. Huo unaimbwa na chumba kizima, kwa hiyo mpeni maikrofoni anayeujua na ninyi mwingie kwenye sabi.